Senti ya Sungura Sio Milioni Tatu: Bei ya Kweli ya Sarafu za Zamani kwa Sisi Tunaouza Onlaini

Wadau, kuna tangazo linazunguka tena kwenye magrupu ya WhatsApp na Facebook. Mmeliona. "Natafuta senti hamsini ya zamani yenye sungura, natoa milioni 3 keshi. Mwenye nayo aje inboksi." Picha ya sarafu ipo, picha ya mabunda ya noti ipo, namba ya simu ipo. Chini yake watu kibao wamekomenti: "ninayo", "mimi ninazo tano", "babu ana kopo zima".

Wiki hii watu kama sita hapa Babati wameniuliza kama ni kweli. Wengine ni wateja wa dukani, wengine ni wauzaji wenzangu wa onlaini. Badala ya kumjibu mmoja mmoja naandika hapa mara moja.

Jibu fupi: senti 50 ya sungura ni ya buku moja, ukimpata anayeipenda buku mbili. Milioni tatu haipo. Na msimamo wangu ni huu: muuzaji mdogo anayerusha tangazo la namna hiyo kwenye ukurasa wake, hata kama lengo lake ni kusaidia tu, anachoma jina lake mwenyewe. Sisi hatuna maduka ya vioo mjini. Tuna jina tu. Nitaeleza kwa nini, halafu nitaeleza ni sarafu zipi zina pesa kweli, na jinsi ya kuziuza bila kumdanganya mtu.

MCHEZO UNAVYOCHEZWA

Wengi wanadhani utapeli ni ile "tuma elfu ishirini ya usajili". Huo upo, na wengi wameshaujua. Unaowakamata wafanyabiashara ni mwingine, maana umetengenezwa kwa ajili ya watu wanaojua kununua na kuuza.

Mtu wa kwanza anatangaza kwamba anatafuta sarafu kwa milioni 3. Siku mbili tatu baadaye, kwenye grupu lilelile au la jirani, anatokea mtu wa pili: "Nina senti hamsini ya sungura, nina shida ya haraka, nauza laki moja na themanini." Wewe mfanyabiashara unapiga hesabu fasta. Nanunua laki na themanini, nauza milioni tatu. Unatuma pesa na ya kutolea juu. Sarafu inakuja kweli, kwa basi, imefungwa vizuri kwenye pamba. Unampigia mnunuzi wa milioni tatu. Hapatikani. Wale wawili ni kitu kimoja.

Uzuri wake kwa tapeli ni kwamba hajakuibia kwa sura ya wizi. Ulitaka sarafu, umeletewa sarafu. Ukienda kulalamika utasema nini? Kuna dada hapa mjini anauza nguo za watoto, ameingia hapo na mtaji wa mzigo mzima wa mwezi. Sarafu anayo mpaka leo. Mtaji hana.

Kwa hiyo ukiona mtu anatafuta kitu kwa bei kubwa ajabu, na mwingine anakiuza bei ya kati, usifurahi. Jiulize: kama bei ya milioni tatu iko wazi kwa watu wote, huyu wa laki na themanini kwa nini asimpigie yeye mwenyewe?

UMRI HAULETI BEI

Hapa ndipo wengi tunapokosea. Tunadhani kitu kikiwa cha zamani basi ni ghali. Hapana. Jiwe la kando ya Ziwa Babati ni la zamani kuliko sarafu yoyote na hakuna anayelinunua. Sarafu inapata bei kwa mambo matatu: zimebaki ngapi, wanaozitaka ni wangapi, na hiyo uliyonayo iko katika hali gani. Umri unasaidia tu pale ulipofanya zipungue.

Sasa chukua hizi senti zetu. Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa Juni 1966, na mwaka huohuo zikatoka sarafu zetu wenyewe, za kwanza baada ya uhuru. Senti 5 ya shaba yenye pembe 12 na samaki. Senti 20 ya njano yenye mbuni. Senti 50 yenye sungura. Shilingi moja yenye mkono ulioshika mwenge. Upande wa pili zote zina Mwalimu Nyerere. Baadaye, mwaka 1977, ikaongezwa senti 10 yenye pundamilia.

Hizi hazikuwa za mapambo. Nchi nzima ilikuwa inanunulia chumvi na kiberiti, kwa hiyo zilitengenezwa kwa mamilioni, na ziliendelea kutoka mpaka miaka ya 1980. Mwaka 1966 dola moja ya Marekani ilikuwa shilingi saba na senti kidogo, yaani senti 50 ilikuwa pesa ya kueleweka. Leo dola ni zaidi ya shilingi 2,000. Shilingi ilipoanguka miaka ya 1980, senti zikakosa kazi. Watu hawakuzirudisha zote benki. Wakazitupia kwenye makopo, kwenye masanduku, watoto wakachezea. Ndiyo maana ukienda Galapo, Dareda au Magugu ukauliza, nyumba nyingi za wazee hukosi mbili tatu.

Kitu ambacho kipo kwenye kopo la kila mzee, nani atakinunua milioni tatu? Kwenye tovuti ambazo wakusanyaji wa nje wanauziana, senti zetu za kawaida mara nyingi haziendi zaidi ya dola moja au mbili. Kitu pekee kinachopandisha ni hali. Ikiwa haijawahi kutumika kabisa, inang'aa kama ilivyotoka kiwandani, manyoya ya sungura yanahesabika, hapo mkusanyaji ataongeza. Lakini zilizopita mikononi mwa watu miaka ishirini haziko hivyo.

Na hilohilo liko kwenye noti. Mwanzoni mwa 2025 Benki Kuu ilipoziondoa noti za zamani kwenye mzunguko, wapo waliozificha wakisubiri zipande bei. Kitu kuondolewa kwenye matumizi sio sawa na kitu kuwa adimu. Zikibaki nyingi mitaani bei haiji.

MFALME ALIYEACHIA KITI

Nitoe mfano mmoja ambao ukiuelewa huu, umeelewa biashara yote ya sarafu.

Kabla ya uhuru Tanganyika, Kenya na Uganda tulikuwa na pesa moja ya Afrika Mashariki. Senti zake ndogo, ya 1, ya 5 na ya 10, zilikuwa na tundu katikati. Mwaka 1936 Uingereza ilipata mfalme anaitwa Edward VIII. Hakumaliza hata mwaka. Desemba 1936 aliachia kiti ili amwoe mwanamke aliyempenda. Kwao Uingereza sarafu zenye sura yake hazikuwahi kuingia mitaani.

Lakini huku kwetu sarafu zenye tundu hazikuwa na sura ya mfalme, zilikuwa na jina tu. Kwa hiyo senti 5 na senti 10 za Afrika Mashariki za mwaka 1936 zenye jina la Edward zilitengenezwa na zikatumika. Wakusanyaji duniani wanazijua vizuri, maana ni sehemu chache sana jina lake lilifika kwenye pesa.

Kwa hadithi hiyo utasema basi ni mamilioni. Bei yake? Dola chache tu, na ikiwa imechakaa hata chini ya hapo. Kwa nini? Kwa sababu zilitengenezwa nyingi mno. Hadithi ni adimu, sarafu yenyewe siyo.

Hilo lishike. Tapeli anauza hadithi. Mkusanyaji ananunua sarafu.

ZENYE PESA KWELI

Sasa tusiseme zote ni takataka, maana hiyo nayo sio kweli. Zipo zenye bei, na ukizijua utamsaidia mtu.

1. Shilingi ya simba mpaka 1946. Shilingi ya Afrika Mashariki ina simba na milima nyuma yake. Zilizotoka kuanzia 1921 mpaka 1946 zina robo ya madini ya fedha ndani yake, ile fedha ya pete na mikufu, karibu gramu 2 kwa kila moja. Kuanzia 1948 simba ni yuleyule lakini fedha haimo tena. Kwa hiyo angalia mwaka kabla ya kuangalia simba. Senti 50 za kipindi hicho cha kwanza nazo zina robo ya fedha, ila ni ndogo, nusu ya uzito. Hizi angalau zina bei ya madini chini yake, haziwezi kuwa bure. Lakini gramu 2 za fedha bado sio nyumba.

2. Hela za Mjerumani. Hata neno "hela" tunalotamka kila siku limetoka kwao. Zamani rupia yao iligawanywa kwa pesa 64. Kuanzia 1904 ikagawanywa kwa heller 100, na sisi tukaita hela. Zile ndogo za shaba, na zile zenye tundu za heller 5 na heller 10, wakusanyaji wanazitaka kuliko senti zetu, lakini nyingi bado ni za bei ya kawaida. Usitegemee kiwanja.

3. Sarafu za Tabora, 1916. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walifunga njia ya bahari, Mjerumani akaishiwa pesa. Akaanza kutengeneza sarafu Tabora, kwenye karakana ya reli. Heller 5 na 20 zilitengenezwa kwa shaba ya njano, mpaka maganda ya risasi yaliyeyushwa. Hizo zina bei nzuri kidogo, na zile za 20 bado zipo nyingi. Lakini kuna ya dhahabu, rupia 15, yenye tembo na mlima nyuma yake. Dhahabu ilitoka Sekenke, Iramba, huku Singida kwa majirani zetu. Zilitengenezwa kama 16,000 tu. Hiyo ndiyo sarafu ya maelfu ya dola. Na kwa sababu hiyo hiyo, feki zake ni nyingi. Mtu akikuletea tembo wa Tabora kwa bei ya huruma, jibu ni hapana mpaka sonara na mjuzi wa sarafu waipime.

4. Senti za Zanzibar za 1908. Sultani Ali bin Hamud alitoa senti 1, senti 10 na senti 20 zenye picha ya mnazi. Zilizobaki ni chache, hasa ya 10 na ya 20. Hizi ni senti ndogo ambazo mkusanyaji anaweza kutoa pesa ya maana kweli. Ukiikuta kwenye kopo, usiiuze siku hiyo.

5. Za kumbukumbu za 1974. Tanzania ilitoa sarafu za kuhamasisha uhifadhi wa wanyama: za fedha zenye twiga na faru, na ya dhahabu ya shilingi 1,500 yenye duma. Ile ya duma ina dhahabu safi karibu gramu 30, kwa hiyo piga mwenyewe bei ya dhahabu ya leo. Ila hazikuwa za sokoni, kuikuta kwa mzee kijijini ni ndoto.

Umeona orodha yote? Sungura hayupo.

BEI YA TANGAZO SIO BEI YA MAUZO

Kosa kubwa la watu wanaotafuta bei mtandaoni ni hili. Unaingia eBay, unaandika "Tanzania 50 senti", unaona mtu kaweka dola 900. Unapiga skrinishoti, unairusha kwenye grupu: "Ushahidi huu hapa!"

Ndugu yangu, wewe ni muuzaji. Ukiweka kandambili kwenye ukurasa wako kwa laki tano, kandambili zimekuwa za laki tano? Mtu anaweza kuandika bei anayotaka. Bei ya kweli ni ile ambayo mtu alitoa pesa. Kwenye eBay kuna sehemu ya kuchuja ili uone vilivyouzwa tu. Bonyeza hapo, utaona dola 900 inageuka dola moja. Pia kuna tovuti inaitwa Numista, ni ya wakusanyaji, kusoma ni bure. Unatafuta nchi, thamani na mwaka, inakuonyesha picha, madini, uzito na mara nyingi makadirio ya bei kwa kila hali. Dakika kumi za bando zinakuokolea laki na themanini.

UKITAKA KUZIUZA, ZIUZE HIVI

Mimi siwaambii muache. Sarafu za zamani ni bidhaa nzuri ndogo, haziozi, hazipitwi na fasheni, na zinavuta watu kwenye ukurasa. Ila uza kumbukumbu, usiuze utajiri.

Moja, usisugue. Najua mkono unawasha. Usitumie majivu, limau, steliwaya wala dawa ya meno. Mkusanyaji akiona sarafu imesuguliwa anashusha bei au anaachana nayo kabisa. Ifute vumbi kwa kitambaa laini, basi.

Mbili, piga picha pande zote mbili, kwenye mwanga wa dirishani, mwaka usomeke. Kama ina mkwaruzo, uonekane.

Tatu, andika ukweli wote kwenye tangazo. Mfano: "Senti 50 ya Tanzania, mwaka 1966, sungura na Mwalimu. Imetumika, ina mikwaruzo midogo, haijasuguliwa. Ni ya kumbukumbu, haitumiki dukani. Sh 2,000." Tangazo kama hilo halina mtu wa kukurudia na kelele.

Nne, panga seti. Moja moja hainunuliwi haraka, lakini samaki, mbuni, sungura na mwenge kwenye kadi moja, na jina la kila sarafu chini yake, mimi naziuza elfu kumi. Wanunuzi wapo: walimu wanaotaka kuonyesha wanafunzi, watu wanaomtafutia mzazi zawadi ya sarafu ya mwaka aliofunga ndoa au kuzaa mtoto wa kwanza, wageni wanaopita hapa kwenda Tarangire, Watanzania walioko nje wanaokumbuka nyumbani. Ila kumbuka sio kila mwaka kila sarafu ilitolewa, usiahidi kabla hujaiona.

Tano, ukipata mteja wa nje, uliza Posta kwanza. Kutuma sarafu nje kuna masharti yake, na gharama ya kutuma moja inaweza kuzidi bei ya sarafu yenyewe. Nje tuma seti, au usitume.

Sita, sarafu za kale sana, kama zile za masultani wa Kilwa za karne nyingi zilizopita, sio za kupost. Kuna Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, inalinda vitu hivyo na inataka kibali kabla ya kuvitoa nje ya nchi. Ukikutana nazo, peleka taarifa Makumbusho au ofisi ya utamaduni ya halmashauri.

"BIASHARA NI UJANJA"

Najua kuna atakayesema: kaka, wewe unatubania, mwenzako akipata mteja mjinga si bahati yake? Na wengine wanasema kurusha tu posti sio kosa, "mimi nimeforwadi kama nilivyopokea".

Nawajibu hivi. Mteja wa onlaini anakutumia pesa kabla hajashika mzigo. Hajui nyumba yako, hajui sura yako. Anachokiamini ni kurasa zako za nyuma, ulichowahi kuandika na ulichowahi kuuza. Siku aliyoona umerusha sungura wa milioni tatu, na jirani yake akaliwa, wewe kwake uko kundi moja na tapeli, hata kama hukula senti. Kesho ukiweka viatu vizuri kwa elfu thelathini, atasema "nitalipia nikipokea", na wewe unajua usumbufu wa hiyo. Tunalalamika wateja hawalipi kabla. Nani amewafundisha wasiamini?

Na upande wa pili kuna wazee. Mzee mmoja alikuja dukani kwangu na kopo la maziwa la zamani, sarafu kama arobaini ndani. Mjukuu wake alishamwambia wamepata kiwanja. Tulizimwaga kwenye kaunta tukazipanga kwa mwaka. Nyingi zilikuwa sungura na mbuni, na shilingi tatu za simba za kabla ya 1946. Nilimwambia bei ya kila moja na kwa nini. Alinyamaza kidogo, akasema, "Basi afadhali umeniambia wewe, kijana wangu, maana kuna mtu wa simu alitaka nimtumie elfu hamsini kwanza." Nilinunua zile alizotaka kuuza, zile tatu za simba nikamshauri akae nazo. Tangu siku hiyo amenileta wateja wanne, wa vocha, wa sabuni, wa simu. Hakuna aliyenunua sarafu.

Na kanuni hiyo iende pande zote. Siku mzee akikuletea tembo wa Tabora au mnazi wa Zanzibar akidhani ni wa elfu tano, mwambie alichonacho. Ukimnyamazia, huna tofauti na yule wa milioni tatu, mmegeuziana tu upande.

Kwa hiyo ombi langu kwa ukurasa huu: anayeona tangazo la senti ya mamilioni asirushe, aripoti. Na wewe mwenye kopo nyumbani, kabla hujatuma hata mia kwa mtu yeyote, weka picha pande zote mbili hapa kwenye komenti, mwaka uonekane. Tutaangalia pamoja, bure. Kama ni ya buku mbili tutakuambia buku mbili.